Avoka wa pro deo analishwa na nani? Kazi ya sheria inavyobadilika, tukiitazama kutoka Mboko



Katika tribinali za nchi yetu kuna maneno mawili ya Kilatini ambayo hata mama asiyejua Kifaransa amekwisha kuyasikia: pro deo. Avoka wa pro deo ni yule anayemtetea mtu asiye na pesa bila kumdai malipo. Maana ya maneno hayo ni "kwa ajili ya Mungu". Yalikuja pamoja na sheria za wakoloni, tukayazoea, na sasa tunayatamka bila kufikiri maana yake. Lakini siku hizi tunalazimika kufikiri. Kama avoka anafanya kazi kwa ajili ya Mungu, ni nani anayemlipia moto ya kutoka Uvira hadi Mboko? Ni nani anayempa mahali pa kulala? Na kama hakuna, mtu wa Mboko anayetiwa kashoni leo jioni atatetewa na nani?

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu kazi ya sheria inabadilika upesi mbele ya macho yetu, na makusanyiko mengi hayajaona kwamba mabadiliko hayo yanawahusu. Tunadhani ni habari ya wasomi wa Bukavu na Kinshasa. Sivyo. Ni habari ya mjane anayenyang'anywa shamba, ya kijana aliyekamatwa kwa kosa la mwenzake, ya msichana aliyeharibiwa maisha na ambaye wazazi wake wanaambiwa wapokee mbuzi, mambo yaishe.

Wanasheria wengi, watetezi wachache

Zamani kijana wa Fizi aliyetaka kusoma sheria alisafiri mbali sana. Leo mambo ni tofauti. Droit inafundishwa Bukavu na Uvira, na kila mwaka vijana wetu wanarudi na diploma mkononi. Makanisa yamesherehekea nao. Wazazi wameuza ng'ombe, wameuza ndagala, wamekopa kwa likelemba ili mtoto amalize. Siku ya kupokea diploma, watu wote wanamwita "Maitre" hata kabla hajavaa toge.

Shida inaanza kesho yake. Diploma ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa avoka. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, ambayo ndiyo inayopanga kazi ya maavoka nchini, inadai kwamba kijana aingie kwanza katika baro kama stajiere na afanye staji ya miaka miwili chini ya avoka mwenye uzoefu. Malipo ya kuandikishwa yanahesabiwa kwa dola. Na katika miaka hiyo miwili wengi hawapati mshahara. Wanapewa nauli siku ya kesi, wanabeba dosie za mkubwa wao, wanaandika barua zake, wanangoja. Kijana wa familia ya Bukavu anaweza kungoja akila kwa wazazi. Kijana wa Mboko anangoja akilipa nyumba ya kupanga mjini.

Kwa hiyo wengi wetu tunamjua kijana wa namna hii: ana diploma ya sheria, na asubuhi anaendesha moto au anauza krediti za simu. Si mvivu. Ngazi aliyopewa haina vipago vya katikati.

Kuna njia ya pili, nayo imo katika sheria ileile ya 1979: njia ya watetezi wa mahakamani, ambao kwa Kifaransa wanaitwa défenseurs judiciaires. Hao wanaruhusiwa kutetea watu mbele ya tribinali za amani na tribinali kubwa, kama ile ya Uvira, lakini si mbele ya mahakama ya rufaa. Watu wengine wanawadharau, wakisema ni nusu ya avoka. Sisi tunasema kwamba kwa mtu aliyefungwa Mboko au Baraka, mtetezi aliye karibu ana faida kuliko avoka mashuhuri aliye mbali.

Njia ya tatu ni kuwa juji au mwendesha mashtaka. Hapa kulitokea jambo kubwa. Mwaka 2022 serikali ilifanya mtihani wa nchi nzima wa kutafuta watu 5000 wa kazi hiyo, na kundi la kwanza la watu 2500 liliteuliwa mwaka 2023. Kwa vijana wengi wa sheria huu ulikuwa mlango wa kwanza wa kweli baada ya miaka mingi. Ni habari njema, kwa maana tribinali bila juji ni nyumba tupu. Lakini ina upande wa pili. Vijana hodari waliokuwa wanaanza kazi ya utetezi waliuacha wakaenda kwenye mshahara wa serikali, na hatuwezi kuwalaumu. Mahali penye majuji na waendesha mashtaka wengi bila watetezi, mizani inaegemea upande mmoja.

Miaka ya miradi

Njia ya nne ndiyo iliyowalisha wengi hapa kwetu kwa miaka kumi na mitano, na haimo katika sheria yoyote. Ni njia ya miradi.

Tukumbuke Februari 2011. Usiku wa mwaka mpya, askari wa jeshi la taifa walikuwa wamewashambulia na kuwabaka wanawake wa Fizi. Kwa kawaida jambo kama hilo lingezikwa. Lakini safari hii mahakama ya kijeshi ilitoka mjini ikaja kuketi Baraka, katika kile tunachokiita audience foraine, mahakama inayowafuata watu mahali walipo. Makumi ya wanawake walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari 2011 Luteni kanali Kibibi Mutware na maofisa wake watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Watu wa Baraka waliona kwa macho yao afisa mkubwa akishuka kutoka kwenye kiti chake kwa sababu ya neno la mama mkulima. Jambo hilo halikuwahi kuonekana hapa.

Tunalitaja si kwa kumbukumbu tu. Tunataka tuone jinsi kesi ile ilivyowezekana. Majuji walisafirishwa. Maavoka wa wanawake wale walilipwa. Maavoka wa washtakiwa nao walikuwapo, maana bila wao ingekuwa kisasi na siyo hukumu. Mashahidi walilindwa na kulishwa. Karibu yote hayo yalilipwa kwa pesa za wafadhili wa nje, kupitia mashirika kama chama cha maavoka wa Marekani, na MONUSCO ilisaidia mara nyingi kwa magari, ndege na ulinzi katika safari za namna hii jimboni mwetu.

Kutokana na hayo, kazi mpya ya sheria ilizaliwa. Kijana aliyemaliza masomo hakutafuta tena mteja, alitafuta mradi. Aliajiriwa katika klinik ya sheria, akaandika ripoti, akahesabu wahanga waliosikilizwa, akasafiri na mahakama kwenda Baraka, Fizi na kwingineko. Alipata mshahara. Na watu maskini walipata avoka bila kulipa. Wanawake wengi waliingia katika kazi hii kupitia mlango huo, na msichana aliyebakwa aliweza kuzungumza na mwanamke mwenzake badala ya kusimulia aibu yake mbele ya wanaume watatu. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya miaka ile.

Lakini ukweli usemwe: mradi ulikuwa na mwisho ulioandikwa tangu siku ya kwanza. Uliamua pia ni kesi gani zinazohesabiwa. Kesi ya kubakwa ilikuwa na bajeti; kesi ya mzee aliyenyang'anywa shamba mara nyingi haikuwa nayo. Avoka alijifunza kumtumikia mfadhili aliye mbali zaidi ya mteja aliye mbele yake. Na sisi makanisa tulijifunza kukaa na kungoja jeep nyeupe ifike.

Jeep haifiki tena

Mwisho wa Juni 2024, MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu ya Kusini. Januari 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kabla mwaka haujafika katikati miradi mingi ilikuwa imefungwa kabisa. Wanasheria waliokuwa na mkataba Ijumaa walijikuta hawana kazi Jumatatu. Dosie za watu zilibaki katika makabati ya ofisi ambazo kodi yake haikulipwa tena.

Wakati uleule vita vikapanda. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, zote mikononi mwa AFC/M23. Tribinali za serikali katika miji hiyo zilisimama. Serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Maavoka wengi walikimbia, wengine hadi Bujumbura, wengine hadi Kalemie, wakiacha ofisi, vitabu na wateja. Desemba 2025 vita vikafika Uvira yenyewe. Maelfu walivuka kwenda Burundi, na wengine wakashuka kusini kuelekea kwetu, kando ya ziwa.

Sasa fikiri juu ya mtu wa Mboko. Mahakama ya rufaa ya jimbo lake ni ya Bukavu. Tribinali kubwa yake ni ya Uvira. Barabara ya kwenda huko ni ileile moja inayofuata ziwa, yenye mito inayofurika wakati wa masika na vizuizi ambavyo kila kimoja kina bwana wake. Njia ya ziwa nayo ina upepo wake na hatari zake. Kila mabadiliko ya kazi ya sheria tuliyoyataja, kutoka diploma hadi mradi hadi vita, yanaishia katika swali moja: je, kuna mtu anayeweza kufika?

Saa 48 na siku kumi

Sheria haingoji barabara itengenezwe. Kifungu cha 18 cha Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba mtu aliyekamatwa ajulishwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa. Kinasema pia kwamba asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe kwa wakuu wa sheria wanaohusika. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kuwa na mtetezi anayemchagua, katika hatua zote za kesi ya jinai.

Katika kasho ya kijijini saa 48 zinapita haraka sana. Familia inakimbia huku na huku, inakusanya pesa ya kumpa ofisa, haijui hata kwamba ina haki ya kuuliza karatasi. Hapo ndipo avoka, hata stajiere wa mwaka wa kwanza, anabadilisha mambo yote. Hahitaji hotuba kubwa. Anauliza tu: amekamatwa saa ngapi? Kwa kosa gani? Dosie iko wapi? Mara nyingi mlango hufunguka kwa maswali hayo matatu, kwa sababu aliyefunga alijua hakuna atakayeuliza.

Vilevile, mtu aliyehukumiwa katika kesi ya jinai ana siku kumi tu tangu hukumu kusomwa ili akate rufaa. Siku kumi. Kama familia inangoja mtoto wa shangazi aliye Uvira arudishe simu, kama barabara imefungwa, siku zinakwisha, na hukumu mbaya inakuwa ya kudumu. Kila kiongozi wa kusanyiko angepaswa kuzijua namba hizi mbili kama anavyojua namba ya wimbo: saa 48, siku kumi.

Tusisahau mashamba. Tangu mwaka 2005, HCR ilipoanza kuwarudisha kwa meli wakimbizi wetu kutoka Kigoma hadi Baraka, ugomvi wa ardhi umeingia katika kila kijiji cha ukanda huu. Aliyekimbia mwaka 1996 au 1998 alirudi akakuta mtu mwingine analima, na mara nyingi yule anayelima alinunua kwa nia njema. Vita vya sasa vinapanda mbegu ya ugomvi mwingine wa miaka ishirini ijayo. Kwa mashamba yanayoshikwa kwa desturi, sheria ya mwaka 2013 juu ya tribinali imeipa tribinali ya amani kazi ya kuamua. Lakini mtu atafikaje mbele yake bila kujua kuandika dai, bila mashahidi kupangwa, bila mtu wa kumwambia kwamba karatasi aliyopewa na chifu ina nguvu gani na haina nguvu gani?

Na kuna deni kubwa zaidi. Makobola iko kwenye barabara yetu hiyohiyo, kati ya Uvira na Mboko. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliandika mauaji yaliyofanyika pale kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi tarehe 2 Januari 1999. Familia bado zinangoja siku yao ya tribinali. Nani atazibeba dosie hizo ikiwa kizazi hiki cha wanasheria kitaacha kazi kwa njaa?

Kanisa limo ndani tayari

Wengine watasema: haya ni ya serikali, kanisa lihubiri Injili. Tunajibu kwamba kanisa limo ndani ya kazi ya sheria tayari, litake lisitake. Mahali avoka hafiki, watu huja kwa mchungaji. Tunapatanisha ugomvi wa mipaka, deni, mahari, urithi. Wazee wetu wanaketi chini ya mwembe wanasikiliza, na mara nyingi wanaamua vizuri kuliko wanavyodhani. Paulo mwenyewe aliwaonya Wakorintho juu ya ndugu kupelekana mbele ya majuji kwa mambo ambayo wangeweza kuyamaliza wenyewe. Hiyo ni hekima, na tuishike.

Lakini tuone mpaka wake. Paulo alisema juu ya madai ya ndugu kwa ndugu. Hakusema tufiche damu na ubakaji. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kijinsia zimesema wazi kwamba kulipa faini hakuzimi kesi ya ubakaji, na kwamba mhanga anastahili kuwa na mtu wa sheria wa kumsindikiza. Hata hivyo mbuzi bado wanapelekwa. Na mara nyingine, tuseme kwa machozi, mbuzi anapokelewa mbele ya mtumishi wa Mungu, sala inafanyika, na msichana anaambiwa asamehe. Msamaha ni wa moyo wake na Mungu wake. Kesi ni ya jamii nzima, maana mkosaji yule kesho atapita nyumba ya pili.

Hata katika urithi tujihadhari. Kanuni ya familia, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, inawalinda watoto na mjane. Suluhu inayomtoa mjane katika nyumba aliyoijenga na mume wake haiitwi suluhu kwa kuwa tu imefanyika kanisani.

Kuna jambo lingine gumu. Katika eneo letu, ambako kabila na kabila zimemwaga damu, avoka anayekubali kumtetea mtu wa upande mwingine huitwa msaliti wa kwao. Vijana wengine wameacha kazi kwa sababu ya vitisho hivyo, siyo kwa sababu ya umaskini. Kanisa lina neno la kusema hapa ambalo baro haiwezi kulisema kwa nguvu ileile: mtu yeyote anayeshtakiwa ni kiumbe wa Mungu, na anayemtetea hatetei kosa lake, anatetea ukweli ujulikane. Siku mtoto wako atakapofungwa ugenini, utatamani mgeni mmoja asimame upande wake.

Tunapendekeza nini

Hatudai kwamba kanisa la Mboko liweze kuchukua nafasi ya serikali. Sheria ya 1979 imewapa maavoka wajibu wa kuweka ofisi ya ushauri wa bure kwa maskini, na serikali ina wajibu wa kuweka tribinali na kuwalipa majuji wake. Tuendelee kudai hayo bila woga. Lakini kati ya wajibu ulioandikwa na mtu aliye kashoni kuna safari ya barabara, na safari hiyo tunaweza kuisaidia.

Kwanza, nyumba. Kila mission yetu ina chumba cha mgeni. Avoka au mtetezi anayekuja kufuata kesi ya maskini apewe kitanda na sahani ya ugali na ndagala bila kuulizwa ni wa dhehebu gani. Kitanda hicho kinapunguza gharama ya kesi zaidi ya hotuba nyingi.

Pili, sanduku la safari. Makusanyiko matano au sita yakiungana, yanaweza kutoa sadaka moja kwa mwezi kwa ajili ya moto au boti ya mtetezi. Pesa hiyo iandikwe katika daftari mbele ya mashahidi, isaidie hata wasio washirika wetu, hata wa kabila lingine, na faranga moja isitumike kumnunua ofisa. Likiwa sanduku la kuhonga, ni afadhali lisiwepo.

Tatu, vijana wetu. Tuna wenye diploma ya sheria katika kwaya na katika shule ya Jumapili. Wakati wanatafuta staji, tuwape kazi ya kweli: kufundisha makusanyiko zile saa 48 na siku kumi, kuandika vizuri mapatano ya wazee ili yasomeke mbele ya juji, kupiga simu kwa avoka wa mjini kabla muda haujaisha. Leo kijana mwenye simu anaweza kusoma maandishi ya sheria za Kongo kwenye tovuti ya Leganet akiwa Mboko, jambo ambalo zamani lilihitaji maktaba ya Bukavu. Anaweza kutuma picha ya hati kwa WhatsApp, na avoka aliyekimbilia Bujumbura akamjibu jioni ileile. Kazi ya sheria imetawanyika na vita, lakini simu imeishona kidogo. Tusilazimishe vijana hawa wajiite maavoka kabla ya wakati. Huo ni uongo na unaadhibiwa. Tuwape nafasi ya kutumika huku wanangoja, na tuwahimize wale wasioweza kulipa baro wafuate njia ya watetezi wa mahakamani.

Nne, ulimi wetu. Tumezoea kuhubiri kwamba avoka ni mwongo. Wako waongo, kama walivyo wachungaji waongo. Lakini kijana anayesikia maneno hayo kila Jumapili ataona haya ya wito wake, na atakwenda kutafuta heshima mahali penye pesa.

Zena alikuwa safarini

Mwishoni mwa barua kwa Tito kuna jina ambalo tunalipita mbio kila tunapolisoma. Paulo anamwomba Tito awasaidie watu wawili katika safari yao, kwa bidii, ili wasikose kitu. Mmoja ni Apolo, mhubiri ambaye kila mtu anamjua. Mwingine ni Zena, mwanasheria. Wafasiri hawakubaliani kama alikuwa mtaalamu wa torati ya Musa au wa sheria za Waroma. Hatujui kesi aliyokuwa anaifuata wala mji aliokuwa anaelekea. Tunajua tu kwamba alikuwa njiani, na kwamba mtume hakumwombea tu, alidai watu wa Krete wamfungashie njia. Mstari unaofuata unasema waamini wajifunze kutenda mema katika mahitaji ya lazima.

Mhubiri na mwanasheria walipewa masurufu ya aina moja. Sisi tumeshazoea kumfungashia Apolo: akija kuhubiri, kuku anachinjwa. Zena naye yuko barabarani, kati ya Uvira na Mboko, na dosie yake ndani ya mfuko wa plastiki isiloane. Anafanya kazi pro deo. Tumwachie Mungu sehemu yake, na sisi tutoe nauli.